Udhuru Si Ruhusa

Imezuka katika vyumba vya masomo desturi ya kuyapima maadili kwa mafumbo. Mwalimu huwasimamisha wanafunzi kwenye njia panda ambayo kila upande wake una mtu wa kufa, kisha huwaambia wachague. Achaguaye upande huu huonyeshwa ubaya wake. Achaguaye upande wa pili huonyeshwa ubaya uo huo kwa sura nyingine. Saa ya somo ikiisha, wanafunzi hutoka na moja ya rai mbili. Wengine husema kwamba maadili ni hesabu: wengi waokoke, wachache wapotee. Wengine husema kwamba maadili ni desturi: kila kundi lina yake, wala hapana awezaye kumhukumu mwenzake. Rai hizi hujiona kuwa maadui, lakini kwa kweli ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili ni batili, na ubatili wake huonekana wazi zaidi mahali pale pale zinapodhaniwa kuwa na nguvu kubwa, yaani penye dhiki.

Mafumbo ya kubuni hayatoshi kuwa ushahidi wa neno hili, maana mwenye kulibuni fumbo hutia ndani yake kile tu anachokusudia kukitoa. Afadhali kichukuliwe kisa kilichotukia kweli, kikaelezwa na waliokitenda, kikachunguzwa na wazee wa baraza, kikahukumiwa na majaji. Kisa hicho kipo, nacho husomwa hata leo na wanafunzi wa sheria katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza.

Mwezi wa Mei 1884 chombo kidogo cha matanga kilichoitwa Mignonette kiling'oa nanga Southampton, Uingereza, kikaelekea Sydney, Australia. Chombo hicho hakikujengwa kwa safari ndefu namna hiyo. Ndani yake walikuwamo watu wanne: nahodha Tom Dudley, msaidizi wake Edwin Stephens, baharia Edmund Brooks, na mtumishi wa chomboni Richard Parker, kijana yatima wa miaka 17. Tarehe 5 Julai, maili zipatazo 1,600 kutoka Rasi ya Tumaini Jema, tufani ilikivunja chombo kikazama. Wanne hao wakaingia katika mashua yenye urefu wa futi 13, na chakula chao kilikuwa makopo mawili ya mboga. Maji matamu hawakuwa nayo, ila matone ya mvua waliyoyakinga kwa makoti yao. Siku ya nne walikamata kasa mdogo; siku ya kumi na mbili kasa akaisha. Siku nane zilizofuata hawakula kitu. Parker alikunywa maji ya bahari, akalala chini ya mashua, hajiwezi.

Tarehe 24 Julai lilitolewa shauri kwamba ipigwe kura, mmoja afe wengine wapone. Brooks alikataa, na kura haikupigwa. Dudley na Stephens wakakumbushana habari za wake na watoto wao, wakaona kwamba ingefaa kijana ndiye auawe. Siku ya pili yake Dudley aliomba dua ya kusamehewa, akamwendea Parker, akamwambia kuwa saa yake imewadia, akamtia kisu shingoni. Watatu waliobaki wakala nyama yake na kunywa damu yake, Brooks pamoja nao. Siku ya nne baada ya tendo hilo merikebu ya Kijerumani ikawaona, ikawaokoa, na mwezi wa Septemba ikawafikisha Falmouth.

Huko Falmouth hawakuficha neno. Walisimulia yote kwa maafisa wa serikali kama watu wasimuliao hasara ya safari. Walikuwa na sababu ya kujiamini hivyo, maana mabaharia wa zama zile walikuwa na jambo walilolijua kwa jina la desturi ya bahari: waliovunjikiwa na chombo, wakakosa chakula kabisa, hupiga kura, na inayemwangukia huwa ndiye kafara ya wenzake. Watu wa mji waliwahurumia. Hata ndugu yake Parker, ambaye naye alikuwa baharia, aliwapa mkono.

Hapa ndipo asimamapo mwenye kusema kwamba maadili ni desturi, akadai ushindi. Desturi ya bahari, asema, iliruhusu. Watu wa bara waliokaa kwenye viti vikavu hawana haki ya kuwahukumu. Lakini na aitazame vizuri hiyo desturi anayoitetea. Wenye desturi wenyewe hawakuridhika na kusema kwamba mmoja ataliwa. Waliweka kura, na katika kura hiyo nahodha na mtumishi ni sawa. Kwa nini waliiweka? Kwa sababu hata watu waliokuwa tayari kula nyama ya mwenzao walijua kwamba pana njia ya haki na njia ya dhuluma katika kumpata wa kuliwa. Basi ndani ya desturi yenyewe limo jambo lisilokuwa desturi, jambo ambalo desturi hulitegemea ili ikubalike kwa watu. Dudley na Stephens waliivunja desturi hiyo mahali pake palipokuwa na haki, wakaishika mahali pake palipokuwa na faida. Tena na aulizwe: hiyo ilikuwa desturi ya nani? Parker naye alikuwa baharia. Hapana aliyemwuliza kama aikubali. Mara nyingi neno desturi likisemwa kwa sauti kuu, huwa ni desturi ya wenye kukaa juu ikitajwa kama kwamba ni ya wote.

Baada yake husimama mwenye hesabu. Yeye hajali desturi; hushika kalamu. Watu wanne wangekufa, asema. Alikufa mmoja, wakapona watatu. Tatu ni zaidi ya sifuri. Hesabu hii hupendeza kwa uchache wa maneno yake, na watu wengi wenye akili wameifuata tangu Jeremy Bentham alipofundisha kwamba kipimo cha tendo ni furaha nyingi kwa watu wengi. Hata methali ya Waswahili, wengi wape, huweza kuitwa mahakamani kuwa shahidi wake.

Lakini na yasikizwe waliyoyaona wazee wa baraza kule Exeter. Walipewa kazi ya kueleza yaliyotukia tu, na hukumu ya sheria wakaachiwa majaji. Walieleza kwamba kama watu wale wasingemla kijana, yaelekea wasingaliishi mpaka kuokolewa. Walieleza kwamba kijana, kwa udhaifu wake, yaelekea angalikufa kabla yao. Walieleza kwamba hawakuwa na tumaini la kupona isipokuwa kwa kumwua mmoja wao. Mpaka hapo mwenye hesabu hufurahi. Kisha wakaeleza neno moja zaidi: kwamba hapakuwa na dharura ya kumwua kijana iliyozidi dharura ya kumwua yeyote katika wale watatu.

Neno hilo moja huivunja hesabu yote. Hesabu ilisema kwamba mmoja atolewe. Haikusema ni nani. Angetolewa Dudley, wangebaki watatu. Angetolewa Stephens, wangebaki watatu. Hesabu ilitoa idadi. Udhaifu ndio uliotoa jina. Parker hakuchaguliwa kwa sababu ya nambari yoyote. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa amelala, hana nguvu ya kushika mkono wenye kisu. Ndiyo maana jaji mkuu, Lord Coleridge, aliposoma hukumu tarehe 9 Desemba 1884 kwa niaba ya majaji watano, aliuliza ni kwa kipimo gani thamani ya roho moja hulinganishwa na nyingine, akaonya kwamba kanuni hiyo humwachia mwenye kufaidika ndiye awe mwamuzi wa dharura yake mwenyewe.

Onyo hilo halikuishia baharini. Katika kila hesabu ya roho za watu pana mwenye kuhesabu na pana mwenye kuhesabiwa, na mwenye kuhesabu hajitoi. Mpanga mji akivunja vibanda vya maskini kwa faida ya umma, nyumba yake haimo katika vibanda hivyo. Jemadari akisema kwamba vita vitagharimu roho elfu kadhaa, roho yake haimo katika elfu hizo. Huenda mpango wa mji ukawa mzuri, na vita vikawa vya haki. Lakini uzuri huo na haki hiyo havithibitiki kwa hesabu iliyoandikwa na mtu asiyemo ndani yake. Wahenga waliyajua haya waliposema kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mwenye hesabu hushindwa hapo, lakini hanyamazi, hubadili silaha. Husema kwamba Parker hakuwa na mke wala mtoto, na wenziwe walikuwa nao. Basi yatima hupungukiwa na haki kwa sababu amekwisha kupungukiwa na wazazi! Mtu ambaye dunia imemnyima watu wa kumlilia, aongezewe kunyimwa na mtu wa kumtetea. Husema tena kwamba kijana angekufa tu. Lakini kila mtu atakufa tu, na waliokuwamo katika mashua ile wote walikuwa mahututi. Kukaribia kifo si deni ambalo mzima aweza kumdai mgonjwa. Kanuni hiyo ikikubaliwa, hapana mzee wala mlemavu atakayelala salama katika nyumba ya jamaa zake mwaka wa njaa. Methali husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hata yeye aliyekwisha kushindwa, haki yake haikushindwa pamoja naye.

Limebaki swali zito kuliko yote, nalo huulizwa na watu wema: je, ni nani leo, aliyeshiba, awezaye kusema kwa hakika kwamba yeye asingalitenda walilolitenda? Jibu la kweli ni kwamba hapana awezaye. Mfa maji haishi kutapatapa, na njaa ya siku nane huondoa katika mtu mengi ambayo yeye mwenyewe aliyadhani kuwa ni tabia yake. Lakini swali hili, ambalo wengi huliona kuwa mwisho wa mabishano, huchanganya mambo mawili ambayo Kiswahili kimekwisha kuyatenga kwa maneno mawili: udhuru na ruhusa. Ruhusa hutangulia tendo, nayo hulifanya kuwa halali. Udhuru hufuata tendo, nao hukiri kwamba halikuwa halali, ila humwombea mtendaji. Mwenye ruhusa hana haja ya kusamehewa. Mwenye udhuru haombi kitu kingine.

Majaji wa mwaka 1884 waliutunza mpaka huo. Waliwahukumu Dudley na Stephens kifo, kwa kuwa kuua kulikuwa kuua. Kisha serikali, kwa jina la Malkia Victoria, iliibadili adhabu hiyo ikawa kifungo cha miezi 6. Wapo wasemao kwamba huo ni unafiki: kama walikosa, wanyongwe, kama hawakukosa, waachwe. Wasemao hivyo hawajafahamu kitu. Hukumu ililinda haki ya Parker. Msamaha ulitambua dhiki ya waliomwua. Kimoja kikikosekana, dhuluma huingia. Wangaliachwa kwa kusemwa kwamba hawakukosa, kila mtumishi dhaifu katika kila chombo angalijua tangu siku ile kwamba sheria imemtaja kuwa akiba ya chakula. Na yule ndugu aliyewapa mkono hakushuhudia kwamba walitenda haki. Hapana mtu amsameheaye asiyekosa. Hata dua ya Dudley kabla ya kisu ilikuwa ushahidi juu yake mwenyewe: hakuomba baraka, aliomba kusamehewa.

Asidhani msomaji kwamba mawazo haya ni mali ya Wazungu, yaliyoletwa Afrika ya Mashariki ndani ya vitabu vya sheria. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ifuatwayo na Waislamu wengi wa pwani ya Waswahili. Katika kitabu chake cha misingi ya sheria, Al-Mustasfa, aliuliza swali la mashua miaka zaidi ya 700 kabla ya Mignonette. Watu wamo chomboni. Wakimtupa mmoja baharini watapona, wasipomtupa watazama wote. Je, ni halali? Alijibu kwamba si halali. Akauliza pia habari za watu wenye njaa, ambao wakimla mmoja wao kwa kura watapona. Akajibu kwamba hapo hapana ruhusa. Naye hakuwa mtu asiyejua uzito wa dharura. Sheria aliyoifundisha humruhusu mwenye njaa ya kufa kula mzoga na nguruwe. Hata katika vita alikubali jambo gumu la kumpiga adui aliyejikinga kwa mateka wasio na hatia, lakini kwa masharti mazito: dharura iwe ya kweli, iwe ya hakika, na iwe inawahusu Waislamu wote kwa jumla. Alijua, basi, kwamba dharura hufungua milango mingi. Aliushika mlango mmoja usifunguliwe kwa ajili ya kundi moja la watu wanaotaka kupona wao. Hakuna upungufu wa rehema katika mafundisho hayo; pana ulinzi wa yule atakayetupwa.

Wapendao mafumbo watasema kwamba kisa cha mashua ni chepesi, na kwamba fumbo la gari la reli ni gumu zaidi. Fumbo hilo lilitolewa mwaka 1967 na Philippa Foot, mwanafalsafa wa Uingereza: dereva wa gari lisilozuilika yuko katika reli yenye watu watano, naye aweza kuligeuza liingie reli yenye mtu mmoja. Wengi huona kwamba aligeuze, na wapenda hesabu hulibeba jibu hilo kama bendera. Husahau kwamba Foot aliweka kando ya dereva mtu wa pili, yaani hakimu. Fujo imezuka mjini, na umati waapa kuua watu watano asipopatikana mwenye hatia. Hakimu aweza kuwaokoa kwa kumsingizia na kumnyonga mtu mmoja asiye na kosa. Hesabu ni ile ile, mmoja kwa watano, lakini nafsi hukataa. Fumbo lilitungwa ili kuuliza kwa nini hesabu moja hutoa majibu mawili. Kulisimulia nusu yake tu, kwa faida ya hesabu, ni kumnyang'anya mtunzi swali lake.

Nao watu hao wawili wana tofauti iliyo wazi. Mtu wa relini akiruka upande akapona, dereva hushukuru, maana hakukihitaji kifo chake. Mtu wa hakimu akitoroka, mpango wa hakimu huvunjika, maana kifo chake ndicho kilichokuwa dawa. Parker alikuwa mtu wa namna hiyo ya pili. Kama angepata nguvu akajitupa majini, nahodha angebaki na njaa yake. Dereva apunguza msiba uliokwisha kufika. Hakimu na nahodha wamfanya mtu kuwa chombo cha haja yao.

Na kama dhiki si ya baharini wala ya kitabuni, bali ya hospitali? Mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, ilipatikana njia ya kuwaunganisha wagonjwa wa figo na mashine ya kusafisha damu mara nyingi bila kuharibu mishipa yao. Waliokuwa wakifa waliweza kuishi miaka. Lakini mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi. Ikaundwa kamati ya watu 7, majina yao yakafichwa, wachague nani aishi. Mwaka 1962 gazeti moja la Marekani lilieleza mambo waliyoyatazama: ndoa, idadi ya wategemezi, kipato, elimu, kazi, hata kuhudhuria kanisani. Wanakamati walikuwa waungwana, wala hawakupokea rushwa. Hata hivyo, walipoanza kupima roho, vipimo vilivyokuwa karibu na mikono yao vilikuwa vile vya watu waliofanana nao. Mapacha wa yatima wa Mignonette, wasio na ndoa wala mali, walijikuta tena chini ya mashua.

Huu ndio mfano unaofundisha jinsi ya kufikiri penye njia panda. Pasipokuwa na kinachotosha, yule atangulieye kufika, au kura iliyo wazi, huwa na haki zaidi kuliko kamati ijionayo kuwa mizani, kwa sababu zamu na kura hazimdharau mtu. Na juu ya hayo liko swali ambalo mafumbo hulikataza kuulizwa: ni nani aliyeijenga njia panda hii? Mwaka 1972 sheria ya Marekani iliweka kwamba serikali ilipie matibabu ya figo kwa karibu wagonjwa wote, na kazi ya kamati ile ikakosa sababu. Fumbo halikufumbuliwa, lilibomolewa. Mignonette nayo haikuzamishwa na falsafa. Ilizama kwa sababu chombo dhaifu kilipelekwa katika bahari kuu. Aanzaye kufikiri juu ya maadili wakati kisu kimekwisha kutolewa alani, amechelewa sana.

Basi maadili ni nini? Ni wajibu wa mwenye uwezo kumpa asiye na uwezo sababu ambayo aweza kuitamka mbele ya uso wake, akiwa macho, akiwa na nafasi ya kukataa. Mwenye desturi hukwepa uso huo kwa kusema kwamba ndivyo ifanywavyo. Mwenye hesabu huukwepa kwa kuugeuza kuwa nambari. Undugu wao ndio huo: wote wawili hutafuta njia ya kutosema na Parker. Na pale ambapo dhiki imemshinda mtu akatenda asilopaswa kulitenda, maadili humtaka akubali deni, aombe udhuru, wala asiandike kanuni mpya ya kulihalalisha alilolitenda.

Jambo hili si la mashindano ya midahalo. Wanaokaa leo katika vyumba vya masomo ndio watakaokalia kesho viti vya mahakama, wizara na hospitali, na kila mmoja atajikuta siku moja na kalamu mkononi na orodha ya majina mezani. Akiwa amefundishwa kwamba maadili ni hesabu, atahesabu. Akiwa amefundishwa kwamba ni desturi, atafuata waliomtangulia. Na akiwa amefundishwa kutenga udhuru na ruhusa, atasita kabla ya jina la mwisho katika orodha, jina la mtu asiye na wa kumsemea, naye ataagiza aitwe, apate kusikizwa.